Hesabu ya Uwakili: Maisha ya Edward Moringe Sokoine

Mtu ashikaye njia itokayo mjini Morogoro kwenda Iringa, milima ya Uluguru ikiwa upande wake wa kushoto, hufika Mzumbe. Hapo, mwaka 1953, Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya kuwafundisha machifu, makarani na madiwani kazi ya serikali za mitaa. Naye ashikaye njia ya pili, iendayo Dodoma, hupita Dakawa, mahali alipofariki Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine tarehe 12 Aprili 1984. Kwetu sisi njia hizo mbili zafundisha neno moja: utawala waweza kusomewa darasani, lakini hesabu yake hutolewa mbele ya Mungu, na siku yake hakuna aijuaye.

Sokoine alizaliwa Monduli, katika nchi ya Wamasai, mwaka 1938. Alisoma Monduli na Umbwe, na mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru wa Tanganyika, akajiunga na TANU. Baada ya kusomea utawala Ujerumani alirudi kwao kuwa Ofisa Mtendaji wa Wilaya ya Masai, kazi ya namna ile ile iliyokuwa ikifundishwa Mzumbe. Baadaye wananchi walimchagua kuwa Mbunge. Mwaka 1967 alifanywa Naibu Waziri, na mwaka huo ndio uliotoka Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi, na mwaka 1977 Waziri Mkuu. Vita dhidi ya Idi Amin vilipiganwa yeye akiwa katika kiti hicho. Mwaka 1980 aliacha kazi kwa sababu ya afya yake.

Aliporudishwa katika uwaziri mkuu Februari 1983, nchi ilikuwa katika dhiki. Sukari, sabuni na nguo vilikuwa adimu madukani, na mlanguzi alikuwa akitajirika kwa shida ya jirani yake. Sokoine aliona kwamba uhuru ambao mama maskini hapati ndani yake hata kipande cha sabuni kwa bei ya haki umekwisha kuibiwa. Mwaka huo huo alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, wala hakutaka kuona kwamba mkosaji ni ofisa au ni tajiri. Kwa jambo hili wananchi walimpenda, na hata leo wengi humtaja kwa heshima.

Lakini kumsifu mtu si kuficha yaliyokuwa na kasoro. Watu walikamatwa kabla ya sheria yenyewe kutungwa. Ilipotungwa, iliunda baraza la pekee la hukumu, ambalo mshtakiwa alisimama mbele yake bila wakili. Hofu ilienea, hata mwenye haki akaogopa pamoja na mwizi. Mwaka 1984 sheria hiyo iliondolewa, na mashauri ya namna hiyo yakawekwa chini ya Mahakama Kuu. Yatupasa kukumbuka yote mawili. Kiongozi Mkristo ana wajibu wa kuilinda ghala ya watu wote, naye ana wajibu pia wa kuilinda haki ya mtu mmoja aliyeshtakiwa, maana huyo naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Bidii isiyongojea ushahidi yaweza kumwumiza asiye na hatia.

Sokoine alikuwa akirudi kutoka Bungeni Dodoma wakati magari yalipogongana Dakawa. Hakuwa ametimiza miaka 46. Alizikwa kwao Monduli, na mwaka huo huo chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa mjini Morogoro, chini ya Uluguru, kikapewa jina lake.

Basi, wazazi, mfundisheni mtoto tangu nyumbani kwamba mali ya wote si mali isiyo na mwenyewe. Anayekabidhiwa fedha za ushirika, ufunguo wa ghala ya shule au muhuri wa kijiji amekwisha kuwa wakili, kama Waziri Mkuu alivyo wakili. Tukimkemea mkubwa alaye rushwa, nasi tukamtolea karani kitu kidogo ili tupite mbele ya wenzetu, twajidanganya. Tuwaombee wanaotutawala katika kila Misa, wawe na moyo wa kuchukia dhuluma na subira ya kuitafuta kweli. Tena tuwe tayari sisi wenyewe kutoa hesabu, kwa kuwa uhuru tuliopewa mwaka 1961 ni amana, na Mwenyewe ataiulizia.