Rudolf Diesel: Mhandisi ambaye injini yake ya kwanza pia ilikataa kuwaka

NI alfajiri ya Julai mtaani Kambi Muru, Kibera, na pikapu kuukuu ya dizeli inasukumwa na vijana wanne huku mwenye mzigo akitazama saa. Stata inazunguka, moshi mweupe unatoka, lakini injini haishiki. Wachache hukumbuka kwamba neno dizeli ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alipatwa na masaibu hayo hayo.

Rudolf Diesel alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita baina ya Ufaransa na Ujerumani vilipozuka mwaka wa 1870, familia ilikimbilia London, na kijana huyo wa miaka 12 akapelekwa kwa jamaa mjini Augsburg. Baadaye alisomea uhandisi Munich, akifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya baridi, na kuhitimu mwaka wa 1880.

Darasani ndiko alikosikia jambo lililomkosesha usingizi: injini za mvuke zilipoteza takriban tisa kwa kumi ya nishati ya makaa. Akawaza kwamba hewa ikibanwa kwa kasi hupata joto, kama mtu anavyohisi pampu ya baiskeli ikipasha vidole. Ikibanwa vya kutosha, mafuta yanayonyunyiziwa humo yatawaka bila cheche yoyote. Alipewa hataza Februari 1893.

Kutoka karatasini hadi chumani kulikuwa na safari. Agosti 10, 1893, injini ya majaribio ilizungushwa kwa mkanda. Mafuta yalipoingia, kipima-shinikizo kililipuka na vipande kuruka. Injini haikujiendesha yenyewe hadi Februari 17, 1894, tena kwa dakika moja hivi. Ilipopimwa rasmi Februari 1897, iligeuza asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Siri ni ile ile Kambi Muru. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na Julai ni baridi. Joto la kubana hewa hupungua. Fundi mzoefu huanza kwa kutazama moshi. Ukiwa mweupe, mafuta yanafika ila hayaungui: hukagua hita plagi, kisha betri inayozungusha injini polepole, na mwisho ringi na vali zilizochakaa. Pasipo moshi kabisa, mafuta hayafiki. Huenda filta imeziba au hewa imepenya kwenye paipu, nayo hutolewa kwa pampu ya mkono. Kusukuma husaidia betri dhaifu, lakini ringi zikiwa zimekwisha ni kuwachosha vijana bure.

Diesel mwenyewe hakuliona gari la aina hiyo. Injini yake ilipuliziwa mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa kubwa, ikafaa viwanda na meli. Pampu ndogo ya Bosch ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka wa 1927, na Mercedes-Benz ikaonyesha gari dogo la dizeli mwaka wa 1936.

Hataza zilimtajirisha, lakini kesi, maradhi na uwekezaji mbovu vilimfilisi. Jioni ya Septemba 29, 1913, alipanda meli Dresden mjini Antwerp kuelekea Uingereza. Alikula na wenzake wawili, akaomba aamshwe asubuhi, akaingia chumbani. Kulipokucha kitanda kilikuwa hakijalaliwa, na kofia na koti lake vikaonekana sitahani. Wapo wanaodai aliuawa. Madeni yaliyofichuka baadaye yanaelekeza zaidi kwamba alijiua.

Siku chache baadaye, mabaharia wa Uholanzi walikuta maiti ikielea. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuirudisha baharini. Mwanawe Eugen alivitambua kuwa vya babake.