Nicolas Appert, Mpishi Aliyelisha Majeshi

Askari apitaye katika soko la Namuwongo, chini ya kilima cha Muyenga, hakosi kuona mkebe mtupu wa bati ukitumiwa kupimia maharage au dagaa. Mkebe huo umekwisha kazi yake ya kwanza, nayo ndiyo iliyobadili maisha ya kila askari aliyepata kulala porini. Aliyetangulia kukifungia chakula ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kikadumu miezi bila kuoza, hakuwa jemadari wala mtaalamu wa sayansi. Alikuwa mpishi.

Nicolas Appert alizaliwa tarehe 17 Novemba 1749 katika mji wa Châlons-sur-Marne, Ufaransa, akiwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Alitumikia jikoni kwa wakuu, kisha akafungua duka la peremende mjini Paris. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1789 aliyaunga mkono, lakini mwaka 1794 wanamapinduzi wenzake walimtia gerezani. Alipotoka aliiacha siasa, akarudi kwenye sufuria.

Tatizo lililomshughulisha twalijua sote. Jeshi la zama zile lilibeba nyama ya chumvi na mkate mkavu kama jiwe. Mabaharia walitokwa damu katika fizi na kufa kwa kukosa mboga na matunda. Na kikosi kilichoishiwa akiba kilifanya jambo baya zaidi: kilivunja ghala la mwanakijiji, yaani la mtu yule yule kilichotumwa kumlinda.

Appert alitia chakula katika chupa nene, akaziba kwa vizibo vilivyofungwa kwa waya, akazichemsha katika maji kwa saa alizozipata kwa kujaribu na kukosea. Kwa nini chakula hakikuoza, hakujua. Alijua tu kwamba hakikuoza. Kiwandani kwake Massy, karibu na Paris, alihifadhi njegere, nyama, mchuzi na maziwa, na kuanzia mwaka 1803 jeshi la majini lilivijaribu vyakula vyake.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Napoleon alitangaza shindano na Appert akalishinda. Hadithi ni tamu, lakini haina ushahidi madhubuti. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe siri yake, asiifanye hataza ya kumtajirisha peke yake. Akaandika kitabu, akaeleza kila kitu.

Mwaka ule ule, mjini London, Peter Durand alipata hataza ya njia hiyo hiyo, ikitaja na vyombo vya bati. Kufikia mwaka 1813 kiwanda cha Donkin na Hall kilikuwa kikiwauzia wanajeshi wa Uingereza, adui wa Ufaransa, nyama ya mikebe. (Mikebe hiyo ilifunguliwa kwa nyundo na patasi, vifungulio vilikuja miaka ya 1850.) Ofisa wa usalama angeweza kumlaumu Appert kwa kumpa adui posho. Mimi simlaumu. Siri iliyofungiwa Massy ingemnusuru baharia wa taifa moja tu, na pengine ingeteketea mwaka 1814, majeshi ya Prussia yalipoivamia nchi na kukiharibu kiwanda chenyewe.

Mzee huyo, mwenye umri wa miaka 64, alianza upya. Mwaka 1822 alipewa heshima ya kuitwa mfadhili wa wanadamu. Heshima hiyo haikumlipia madeni. Alifariki Massy tarehe 1 Juni 1841 akiwa fukara, akazikwa katika kaburi la pamoja.

Sababu ya kufaulu kwake ilifahamika katika miaka ya 1860, Louis Pasteur alipothibitisha kwamba vijidudu ndivyo viozeshavyo chakula na kwamba joto huviua. Baadaye ilidhihirika kwamba vingine hustahimili maji yachemkayo na kutoa sumu kali. Kwa hiyo viwanda vya leo hupika nyama ya mikebe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 hivi, na mkebe uliovimba hauonjwi hata kwa ncha ya ulimi. Pasteur mwenyewe, alipokuwa akihifadhi mvinyo kwa joto, alikiri hadharani kwamba yule mpishi wa Massy alikuwa amemtangulia.