Leonard Cheshire: Rubani Aliyeifanya Nyumba Yake Makao ya Wagonjwa

Wazazi wa Korogwe wanajua maana ya kujaribu kitu kabla hakijakabidhiwa kwa watu wote. Kati ya mwaka 2009 na 2014, watoto wa wilaya hiyo walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria, ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza kwa watoto wa Afrika mwaka 2021. Mama aliyempeleka mwanawe kituoni alikuwa na swali moja moyoni: hatari ya jaribio anaibeba nani, na kwa ajili ya nani? Swali hilohilo lilimfuata maisha yake yote rubani mmoja Mwingereza, ambaye jina lake halitajwi sana katika parokia zetu.

Leonard Cheshire alizaliwa tarehe 7 Septemba 1917 katika mji wa Chester. Baba yake alikuwa profesa wa sheria huko Oxford, na kijana naye alisomea sheria katika chuo hicho, ingawa si kwa bidii ya kupigiwa mfano. Alipenda magari ya kasi na anasa, na hakuwa mtu wa dini. Hukohuko chuoni ndiko alikojifunza kurusha ndege. Vita vilipozuka mwaka 1939 akaingia jeshi la anga, na kabla ya kumalizika vita alikuwa amekwisha kuruka zaidi ya mara 100 kwenda kupiga mabomu, kazi ambayo marubani wengi hawakufikisha hata mara 30 wakiwa hai.

Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 25, alipandishwa cheo kikubwa kuliko umri wake, kazi ya mezani na ya salama. Haukupita muda mrefu akaomba ashushwe cheo ili arudi angani kuongoza kikosi cha 617. Hapo ilionekana tabia iliyomtofautisha na wakubwa wengi. Palipokuwa na njia mpya ya kulenga shabaha, iliyodai ndege ishuke chini kabisa juu ya mizinga ya adui, aliijaribu yeye mwenyewe kwanza kabla ya kuwaagiza vijana wake. Septemba 1944 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza. Kwa kawaida nishani hiyo hutolewa kwa tendo moja. Yeye alipewa kwa miaka minne ya vita.

Tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa ndani ya ndege ya Wamarekani, akiwa mtazamaji wa serikali yake, bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya Nagasaki. Ndege yao ilikuwa mbali, naye aliona wingu likipanda. Chini ya wingu lile kulikuwa na bonde la Urakami, jumuiya kubwa kuliko zote za Wakatoliki nchini Japani, na kanisa kuu lao lilisambaratika. Wengi husimulia kwamba siku ile ndiyo iliyomwongoa. Sivyo ilivyokuwa. Hadi uzeeni Cheshire alishikilia kwamba bomu lile lilimaliza vita na kuokoa maisha ya wengi. Mwandishi wa makala haya hawezi kukubaliana naye, hasa akikumbuka jinsi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyolaani uteketezaji wa miji mizima pamoja na watu wake. Hata hivyo, si haki kumpamba marehemu kwa toba ambayo hakuitamka. Alichobeba kutoka Nagasaki ni swali la namna ya kuishi katika amani iliyonunuliwa kwa gharama ile.

Jibu lake la kwanza lilishindwa vibaya. Alianzisha jumuiya ya wanajeshi wastaafu waishi na kufanya kazi pamoja. Ikavunjika ikimwachia madeni na jumba kubwa tupu liitwalo Le Court, katika jimbo la Hampshire. Ndoa aliyofunga wakati wa vita nayo ilikuwa imekwisha kusambaratika. Ndipo mwaka 1948 akapata habari za Arthur Dykes, mtu aliyewahi kufuga nguruwe hapo Le Court. Alikuwa anakufa kwa saratani, hospitali haikuwa na tiba zaidi ya kumpa, na hakuwa na pa kwenda. Cheshire alimchukua nyumbani. Bila mafunzo yoyote ya uuguzi, yule shujaa wa taifa alimwosha mgonjwa, akamgeuza kitandani, akamwaga choo chake, akakesha naye usiku. Arthur alikuwa Mkatoliki aliyekuwa ameiacha imani na kuirudia. Alifariki Agosti mwaka huohuo. Kabla hajafariki, mgonjwa wa pili alikwisha kuletwa, na baada yake wengine wakafuata. Mkesha wa Noeli, tarehe 24 Desemba 1948, Cheshire alipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Nyumba ilihitaji fedha, naye alihitaji kazi. Aliipata kwa Barnes Wallis, mhandisi aliyebuni bomu lililovunja mabwawa ya Ujerumani mwaka 1943. Usiku ule watu 53 wa kikosi cha 617 walikufa, na Wallis hakuwahi kuisahau idadi hiyo. Tangu hapo aliazimia kwamba uvumbuzi wake hautagharimu tena maisha ya rubani wa majaribio. Ndege yake mpya, isiyo na mkia na yenye mabawa yanayosogea, aliijaribu kwa mifano isiyo na mtu ndani, iliyoongozwa kwa redio kutoka ardhini, kwenye uwanja wa Predannack huko Cornwall. Kikianguka chombo, kilichopotea ni chuma tu. Cheshire alijiunga na kazi hiyo. Pembeni mwa uwanja aliona majengo yaliyoachwa na jeshi, akayakarabati na kuyafanya makao ya pili ya wagonjwa, akayaweka chini ya jina la Mtakatifu Teresa.

Mwaka 1952 akaugua kifua kikuu. Alilazwa kwa zaidi ya miaka miwili, akapasuliwa mara kadhaa na kupoteza sehemu kubwa ya pafu moja. Kila aliyewahi kumwona mtoto wa Handeni au Korogwe amelala wodini wiki baada ya wiki, mguu umening'inizwa kwa uzito, huku wenzake wakiendelea na masomo darasani, anajua kwamba maumivu si mzigo pekee wa kulazwa. Mzigo mwingine ni kuhesabiwa kuwa hauna tena la kufanya. Cheshire aliujua mzigo huo kwa mwili wake. Ndiyo maana alisisitiza kwamba makao yake yasiwe hospitali. Mkaaji awe na neno katika uendeshaji wa nyumba, awe na kazi, na mtoto awe na masomo.

Alipopona alikwenda India, na tarehe 5 Aprili 1959 alifunga ndoa mjini Bombay na Sue Ryder, mwanamke aliyewahudumia manusura wa kambi za Wanazi. Pamoja walianzisha huko Dehra Dun kituo kilichopokea wagonjwa wa ukoma na watoto wenye ulemavu. Kazi ilifika kwetu pia. Ethiopia ilipata makao ya watoto waliopooza kwa polio, na mwaka 1970 yakaanza ya Katalemwa, kando ya jiji la Kampala. Mtoto aliyeletwa akitambaa hufanyiwa upasuaji, hupewa vyuma vya miguu au magongo, kisha hurudi shuleni akiwa amesimama. Kwa wazazi waliokwisha kuambiwa kwamba ada ya mtoto kama huyo ni fedha ya kutupa, hilo si jambo dogo.

Mwanzoni mwa mwaka 1992 madaktari walimgundua Cheshire ana ugonjwa unaoua neva za misuli, ambao wakaaji wengi wa nyumba zake walikuwa nao. Miguu ilikufa kwanza, kisha mikono. Sasa yeye ndiye aliyeoshwa, akageuzwa kitandani na kulishwa. Alifariki tarehe 31 Julai 1992 huko Cavendish, akiwa na umri wa miaka 74. Sue alimfuata tarehe 2 Novemba 2000, siku ya kuwakumbuka Marehemu Waamini Wote.