Garrincha: Winga wa miguu iliyopinda aliyeiliza Rio nzima

Januari 20, 1983, habari zilienea Rio de Janeiro kwamba Manuel Francisco dos Santos amefariki dunia akiwa na miaka 49. Ukitaja majina hayo matatu mtaani, wengi wangekuuliza ni nani huyo. Ukisema Garrincha, au Mané tu, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Alikufa kwa pombe. Ini lilikuwa limekwisha, na miaka ya mwisho alikuwa mtu wa kuingia na kutoka hospitali. Mfukoni hakuwa na kitu. Magazeti yalikuwa yameshaacha kumwandika, isipokuwa anapolazwa au anapookotwa mahali akiwa hajiwezi. Lakini mwili ulipopelekwa uwanja wa Maracanã ili watu wamuage, Rio ilikumbuka ghafla ina deni. Mashabiki walifika kwa maelfu, wengine na jezi nyeusi na nyeupe za Botafogo, wengine za Flamengo na Fluminense, timu ambazo jamaa alizitesa miaka yote. Bendera ya Botafogo yenye nyota moja ikatandikwa juu ya jeneza.

Safari ya makaburini ndiyo watu wa Rio wanaisimulia mpaka leo. Jeneza lilipandishwa kwenye gari la zimamoto kuelekea Pau Grande, kijiji alikozaliwa, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini. Barabara ya Avenida Brasil ilijaa pande zote mbili, na juu ya madaraja watu walisimama wakipunga mikono kana kwamba timu inarudi na kombe. Magari yaliyofuata yalikuwa mengi mpaka njia ikaziba, na karibu na Pau Grande watu wakayaacha wakaenda kwa miguu. Kanisa la kijiji halikuweza kuwabeba hata robo yao.

Kwa nini watu wote hao wamlilie mlevi aliyekufa maskini, ambaye mechi yake kubwa ya mwisho ilikuwa imepita zaidi ya miaka 15? Jibu liko kwenye miguu yake.

Alizaliwa Oktoba 28, 1933, kwenye makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, na chupa ilikuwa rafiki wa familia tangu mwanzo. Mtoto alizaliwa na miguu ya ajabu: yote miwili ilipindia upande mmoja, kama miti iliyosukumwa na upepo, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Uti wa mgongo nao haukunyooka. Dada yake akampa jina la garrincha, kindege kidogo cha kahawia ambacho ukikifungia hakidumu. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 14, na sifa zake zilikuwa mbovu: mvivu, mchelewaji, anasinzia. Hawakumfukuza moja kwa moja kwa sababu timu ya kiwanda ilimhitaji.

Klabu kubwa za Rio zilimkosa kizembe. Inasimuliwa kwamba alikwenda Vasco da Gama kufanya majaribio akarudishwa kwa sababu hakuja na viatu, na kwamba Fluminense aliondoka mwenyewe kabla ya zamu yake, akiogopa kuachwa na treni ya mwisho. Hakuwa na haraka ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa na mto wa kuvua samaki, ndege wa kuwinda, na rafiki zake wa Pau Grande wa kupiga nao mpira peku. Hayo yalimtosha.

Mwaka 1953 akavutwa mpaka Botafogo, ana miaka 19 na tayari ana mke. Kwenye majaribio walimpanga upande wa Nilton Santos, beki wa kushoto wa timu ya taifa na mmoja wa mabeki bora duniani wakati huo. Kilichofuata kila shabiki wa Botafogo anakijua kama jina la mama yake. Kijana wa miguu iliyopinda alimpita Nilton, akampita tena, kisha akampiga tobo. Nilton hakununa. Alikwenda kwa viongozi akawaomba wamsajili siku hiyohiyo, maana hakutaka kukutana naye akiwa na jezi ya timu nyingine. Kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi ya Rio, dhidi ya Bonsucesso, akafunga mabao matatu. Nilton akawa kaka yake kwa maisha yote.

Sasa kuhusu chenga zake. Ilikuwa chenga moja tu, na hapo ndipo penye maajabu. Alisimama na mpira mbele ya beki, akayumba kama anakwenda kushoto, halafu akatoka kulia. Kila beki alijua anakwenda kulia. Makocha waliwaambia mabeki wao usiku kucha kwamba anakwenda kulia. Na alikwenda kulia, na beki akabaki amelala chini. Wakati mwingine alimsubiri anyanyuke ili ampite mara ya pili. Kule Mexico City mwaka 1958, Botafogo ilipocheza na River Plate ya Argentina, beki aitwaye Vairo aliteswa hivyo mpaka uwanja mzima ukaanza kupiga kelele za olé kila mpira ulipopita, kama wafanyavyo kwenye mchezo wa kupigana na ng'ombe. Vairo akatolewa nje.

Mwaka huohuo, kabla ya Kombe la Dunia, Brazil ilicheza mechi ya kirafiki na Fiorentina huko Italia. Garrincha aliwapita mabeki, akampita na kipa, lango likabaki tupu. Hakufunga. Alimsubiri beki mmoja arudi, akamhadaa naye, ndipo akatembea na mpira mpaka wavuni. Mashabiki walicheka, makocha hawakucheka. Mechi mbili za mwanzo za Kombe la Dunia Sweden alikaa nje, na ya pili ikaisha 0-0 na England.

Mechi ya tatu ilikuwa na Umoja wa Kisovieti, golini Lev Yashin, na Wabrazil walikuwa wanaogopa. Garrincha akaanza, pamoja na kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé. Mpira ulipoanza tu, Garrincha alimfuata beki wa kushoto, akamlaza, akapiga shuti likagonga mlingoti. Pelé naye akagonga mlingoti. Dakika ya tatu Vavá akafunga. Siku ile ilikwisha 2-0, ingawa Warusi waliona kama wamefungwa kumi. Kwenye fainali, Sweden ilitangulia kufunga. Garrincha akaenda kulia, akatia krosi, Vavá akafunga. Akaenda kulia tena, krosi ileile, Vavá tena. Ikaisha 5-2.

Wengine walirudi mashujaa wakabaki mjini. Yeye alirudi Pau Grande kwa rafiki zake wa utotoni.

Chile 1962 ndiko alikokuwa Garrincha kamili. Pelé aliumia mechi ya pili na mashindano yakaishia hapo kwake. Brazil ikamgeukia mtu ambaye walizoea kumchukulia kama kichekesho. Robo fainali na England alifunga kwa kichwa, yeye mfupi kati ya Waingereza warefu, kisha akafunga kwa shuti la mbali lililopinda. Mechi hiyohiyo mbwa aliingia uwanjani, akamkwepa na Garrincha pia, mpaka Jimmy Greaves alipotambaa kwa mikono na magoti akamkamata, akakojolewa kwa shukrani. Baadaye mbwa huyo alipigiwa kura kambini na Garrincha akamshinda.

Nusu fainali na wenyeji Chile alifunga mawili tena, moja kwa mguu wa kushoto, lingine kwa kichwa. Alipigwa teke mara nyingi, naye mwishoni akarudisha moja, akatolewa nje, na akiwa anatoka akarushiwa kitu kutoka jukwaani kikamjeruhi kichwani. Kwa sheria za leo fainali asingeicheza. Wakubwa wa Brazil, hadi wa serikali, walihangaika, akaruhusiwa, akacheza akiwa na homa. Brazil 3, Czechoslovakia 1. Kwenye kikosi kilichoanza fainali ile, watano walitoka Botafogo: Nilton Santos, Didi, Garrincha, Amarildo na Zagallo. Mashabiki wa klabu hiyo hawajawahi kuruhusu mtu alisahau jambo hilo, na wana haki. Mwisho wa mwaka Botafogo iliifunga Flamengo 3-0 ikawa bingwa wa Rio, na Garrincha alifunga mawili.

Wakati Rio inacheza ngoma, goti la kulia lilikuwa linakufa. Miguu ile haikuumbwa kwa kazi ile. Kila alipogeuka ghafla kwenda kulia, mifupa ilisagana. Botafogo ilikuwa inaishi kwa ziara za nje, na waandaaji walilipa zaidi Garrincha akiwepo, pungufu asipokuwepo. Basi goti likachomwa sindano, likatolewa maji, akaingia uwanjani. Kesho tena. Upasuaji ulifanyika 1964, umechelewa.

Na hapa lazima lisemwe jambo kuhusu hadithi zake. Waandishi wa Rio walimpenda, na kwa kumpenda wakamtengeneza mjinga. Eti aliwaita mabeki wote João kwa sababu hakujali ni akina nani. Eti alinunua redio Sweden akaiuza bei ya kutupa, kwa vile mtu alimwambia redio ya Sweden inazungumza Kiswidi tu. Nyingine zina ukweli kidogo, nyingine zilibuniwa mezani. Watu walicheka. Lakini mtu akishaaminika kuwa mtoto, ni rahisi kumpa mkataba mtupu asaini halafu ofisi ijaze tarakimu. Alisaini. Bingwa wa dunia mara mbili alilipwa chini ya wenzake ambao walikuwa wanakula krosi zake.

Si kwamba yeye alikuwa malaika. Alimwacha mkewe na mabinti wanane kwa ajili ya Elza Soares, mwimbaji mkubwa wa samba, na alikuwa na watoto wengine nje, hadi Sweden. Rio haikumlaumu yeye, ilimlaumu Elza. Mwanamke yule alitukanwa na nyumba yao ikapigwa risasi. Ndiye aliyekuwa akizunguka baa kwa baa akiwaomba wenyewe wasimuuzie pombe. Aprili 1969 Garrincha aliendesha gari likagongana na lori, na mama yake Elza akafa. Baada ya hapo hakuinuka sawasawa. Mwaka 1977 alimpiga Elza, naye akaondoka.

Mpira ulikuwa umemwacha mapema zaidi. Botafogo ilimuuza Corinthians mwaka 1966. Akapita Flamengo, akamalizia Olaria. Kombe la Dunia la England mwaka huo wa 1966 alifunga kwa mpira wa adhabu dhidi ya Bulgaria, kisha Hungary ikaifunga Brazil 3-1. Hiyo ndiyo mechi pekee aliyopoteza na jezi ya Brazil katika miaka 11, na ndiyo ya mwisho. Pelé hakucheza siku hiyo. Wawili hao wakiwa pamoja uwanjani, Brazil haikufungwa hata mara moja.

Desemba 1973 marafiki waliandaa mechi ya kumuaga na kumchangia. Watu 131,000 walijaa Maracanã, Pelé akacheza, Garrincha mnene akasogea pembeni kulia kwa nusu saa, akatolewa katikati ya makofi, akazunguka uwanja. Fedha zilikuwa nyingi. Hazikukaa. Mwaka 1980 walimpandisha kwenye gari la kanivali la kundi la Mangueira. Alikuwa ametoka hospitali, amekaa ameinama, mkono haunyanyuki vizuri. Waliomkumbuka akiwa mbele ya beki walitamani wasingeona.

Miaka mitatu baadaye walipanga foleni Maracanã kumuaga, baba na wana wao, wazee wakiwasimulia vijana tobo la Nilton Santos na krosi mbili za fainali.

Mji mkuu Brasília una uwanja unaoitwa Mané Garrincha. Ndio uliotumia fedha nyingi kuliko viwanja vyote vya Kombe la Dunia 2014. Nje ya uwanja wa Botafogo, ambao sasa una jina la Nilton Santos, kuna sanamu yake. Elza Soares aliishi mpaka uzeeni, akaimba mpaka mwisho, akafa Januari 20, 2022, tarehe ileile aliyokufa Mané, miaka 39 baadaye.

Na yeye mwenyewe? Alizikwa makaburi ya Raiz da Serra, jirani na Pau Grande. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba mifupa yake iliwahi kuhamishwa, kumbukumbu za uhamisho huo hazionekani, na hakuna mwenye uhakika ilipo. Shabiki wa Botafogo akifika pale na maua yake anakuta makaburi mawili yenye jina la Garrincha.