Maisha ya Bwana Émile Reynaud

Muhula huu wanafunzi 24 wa chama chetu cha sanaa tulichora picha 288 za mbuzi anayecheza ngoma, kila mtu 12, tukaziunganisha katika kompyuta ili zifuatane na wimbo wa kwaya yetu. Wimbo wenyewe ni wa sekunde 24 tu. Tulitumia Krita, ambayo ni programu huria, yaani hutolewa bure, na ye yote aweza kuifungua aone ilivyoundwa na kuitengeneza upya. Pembe za mbuzi hubadilika kila afikapo kwa mchoraji mwingine, lakini anacheza! Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute habari za mtu aliyetangulia katika njia hii, nami napenda kuwasimulia wasomaji.

Bwana Émile Reynaud alizaliwa tarehe 8 Desemba, 1844, katika mji wa Montreuil, karibu na Paris, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mhandisi na mchongaji wa nishani, na mama yake alikuwa hodari wa kuchora kwa rangi za maji. Mtoto akajifunza yote mawili nyumbani, mitambo na rangi. Alipokuwa mtu mzima alifundisha sayansi katika mji wa Le Puy.

Mwaka wa 1877 alibuni chombo kiitwacho praksinoskopu. Kilifanana na kopo pana lisilo na kifuniko. Ndani yake mlikuwa na utepe wa picha 12, na katikati vioo 12. Kilipozungushwa, mtazamaji aliona katika vioo kiumbe kimoja kinachotembea. Watu walikipenda, akaacha ualimu, akafungua karakana Paris.

Lakini picha 12 huisha upesi, kisha hurudi zile zile. Basi Reynaud akatengeneza mtambo mwingine wenye utepe mrefu, uliotobolewa matundu ili usiteleze, na taa ya kutupa picha ukutani. Tarehe 28 Oktoba, 1892, akauonyesha mbele ya watu katika jumba la sanamu za nta liitwalo Musée Grévin. Mchezo mmoja, Pauvre Pierrot, ulikuwa na picha 500, zote alizipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. (Mimi nilichora 12 nikaumwa na vidole.) Gaston Paulin alitunga muziki wake na kupiga piano, huku Reynaud akizungusha utepe kwa mikono, mara mbele, mara nyuma, hata picha hizo 500 zikatosha kwa robo saa.

Hapo ndipo taabu zake zilipoanza. Mkataba ulimkataza kuuza picha zake mahali pengine, na hakuwako fundi mwingine wa kumpokea kazi. Yeye ndiye mchoraji, yeye mwendeshaji, na utepe ukikatika, yeye mshonaji. Mwaka wa 1895 ndugu wawili Lumière walionyesha sinema yao mjini Paris. Mashine yao ilipiga picha nyingi kwa dakika moja, naye alihitaji miezi. Aliendelea mpaka 1900. Watu wapatao 500,000 walikuwa wamekwisha tazama kazi yake, kisha jumba likaachana naye.

Miaka kama kumi baadaye, akiwa maskini, aliuvunja mtambo wake kwa nyundo, na tepe zake nyingi akazitupa katika mto Seine. Wengine watasema ni hasira. Mimi naona ni uchovu wa mtu aliyebeba peke yake mzigo wa watu ishirini. Alifariki tarehe 9 Januari, 1918, katika nyumba ya wagonjwa huko Ivry. Katika michezo yake ya jumba lile imebaki miwili tu, Pauvre Pierrot na Autour d'une cabine.

Michoro ya mbuzi wetu tumeiacha yote katika kompyuta ya maktaba, bila kuifunga kwa neno la siri. Kidato cha Tatu wamekwisha anza kumsawazisha pembe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne