Carlson Gracie, bingwa aliyewafungulia maskini mlango wa mazoezi

Kijana wa Kasungami, katika komuni ya Annexe mjini Lubumbashi, anayefuata mapigano ya MMA kwenye simu yake, huenda hajawahi kusikia jina la Carlson Gracie. Mbrazili huyo alifariki tarehe 1 Februari 2006 mjini Chicago, Marekani, akiwa na umri wa miaka 73. Hata hivyo, yeye ni mmoja wa waliojenga desturi ya wapiganaji kufanya mazoezi kama timu, chini ya kocha mmoja.

Alizaliwa Rio de Janeiro tarehe 13 Agosti 1932. Baba yake, Carlos Gracie, alijifunza mchezo kwa Mitsuyo Maeda, mtaalamu wa judo kutoka Japani. Carlos na mdogo wake Hélio ndio walioutangaza kwa jina la jiu-jitsu.

Mei 1955, jina la familia liliingia aibu. Hélio, aliyekuwa na miaka 41, alipambana na Waldemar Santana, kijana mweusi aliyekuwa mwanafunzi na mfanyakazi katika klabu yake kabla ya wawili hao kukosana. Pambano lilidumu zaidi ya saa tatu na nusu, mpaka Santana akammaliza mwalimu wake kwa teke la kichwa.

Mzigo wa kulipiza ukamwangukia Carlson, mwenye miaka 23 tu. Mwaka huo huo walitoka sare. Mwaka 1956, katika ukumbi wa Maracanãzinho, walirudiana kwa sheria za vale tudo, ambapo karibu kila pigo linaruhusiwa. Carlson akashinda, na toka siku ile yeye ndiye alikuwa ngao ya familia.

Mwaka 1963 alitoka sare na Ivan Gomes, mwanaume mgumu wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Badala ya kuweka uadui, alimwita Rio wafungue klabu pamoja. Mwaka 1968 alishindwa kwa pointi na Euclides Pereira mjini Salvador.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya ukocha. Katika klabu ya familia, masomo mengi yalitolewa kwa mtu mmoja mmoja, na waliolipa walikuwa watu wenye uwezo. Carlson, katika klabu yake ya Copacabana, alifundisha kwa makundi, na asiye na pesa aliingia bure. Wale ambao wasingeweza kununua hata kimono walijikuta kwenye tatami moja na watoto wa matajiri. Kwa kufanya hivyo alivunja siri ya nyumbani kwao, jambo ambalo si ndugu wote walilifurahia. Mwaka 1998, mwanafunzi wake Wallid Ismail alimkaba Royce Gracie, mtoto wa Hélio na bingwa wa kwanza wa UFC, mpaka akapoteza fahamu.

Wakati huo Carlson alikuwa amehamia Marekani. Mwanafunzi wake mwingine, Vitor Belfort, alishinda mashindano ya UFC 12 Februari 1997, akiwa na miaka 19.

Kisha nyumba ikabomoka. Mwaka 2000, Murilo Bustamante, Mario Sperry, Ricardo Libório na wengine walimwacha, baada ya mabishano juu ya pesa na uongozi, wakaunda Brazilian Top Team. Wao walitaka kusimamia kazi yao wenyewe, na kwa mpiganaji ambaye mwili ndio mtaji wake, hilo linaeleweka. Yeye, aliyewalea miaka mingi, aliona ni usaliti. Akawaita creonte, jina la mhusika katika tamthilia ya televisheni.

Bustamante alitwaa mkanda wa UFC wa uzito wa kati Januari 2002. Libório alikuwa kati ya waanzilishi wa American Top Team huko Florida. Na neno creonte bado linatumiwa katika klabu za jiu-jitsu kwa mwanafunzi anayemwacha mwalimu wake.