Steven Kanumba

Steven Charles Kanumba (Shinyanga, 8 Januari 1984 – Dar es Salaam, 7 Aprili 2012) alikuwa mwigizaji, mtayarishaji na mwongozaji wa filamu kutoka nchini Tanzania. Anakumbukwa kama mmoja wa walioifanya filamu ya Kiswahili ishindane na filamu za Nigeria katika maduka ya kuuza na kukodisha video.

Maisha ya awali

Wazazi wake walikuwa Charles Kanumba na Flora Mtegoa. Alisoma shule ya msingi Bugoyi mjini Shinyanga, kisha Dar es Salaam Christian Seminary na Jitegemee. Mnamo 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kikundi kilichoonyesha tamthilia kupitia ITV. Jahazi na Dira ni miongoni mwa tamthilia alizoshiriki.

Biashara ya video aliyoikuta

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo, mwenye deki nyumbani alitegemea kanda: za Kihindi, za karate na za Marekani; za Nigeria zilikuja baadaye. Kanda moja ilinunuliwa na mwenye duka na kukodishwa kwa siku, ikazunguka mtaa mzima mpaka picha ikaanza kuchirizika. Asiye na deki alikwenda kwenye kibanda cha video, ambacho watu wamekibatiza jina la kibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake. Vibanda hivyo vilienea hadi kwenye miji midogo na mialo ya Ziwa Victoria, na katika bandari kama Kemondo mkoani Kagera filamu zilifika kwa basi, si kwa jumba la sinema.

Baada ya filamu ya Girlfriend ya 2003, filamu za Kitanzania zilianza kupata nafasi kwenye rafu hizo. Kanumba aliingia wakati huohuo, kanda zikianza kuwapisha CD na DVD.

Filamu

Mwaka 2006 aliigiza katika Dar to Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria. Filamu hiyo ilitayarishwa na Mtitu Game na kuongozwa na Femi Ogedegbe. Ulikuwa mkakati wa kibiashara uliopimwa vizuri: mteja aliyezoea kukodi filamu ya Kinigeria aliona sura anayoijua kwenye jalada, akachukua. Baadaye alifanya kazi na Nkiru Sylvanus katika She Is My Sister na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Katika Uncle JJ na This Is It aliwapa watoto nafasi kubwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film Production. Majina ya filamu zake nyingi ni ya Kiingereza ilhali mazungumzo ni ya Kiswahili, desturi ya soko la wakati ule.

Mapato

Mtayarishaji kwa kawaida alimuuzia msambazaji wa Kariakoo filamu pamoja na haki zake kwa malipo ya mkupuo. Filamu moja ilikatwa sehemu ya 1 na ya 2, kila moja ikiuzwa peke yake, hivyo mkodishaji naye alilipisha mara mbili. Diski moja iliyokodishwa mara hamsini ilimletea mwenye duka fedha mara hamsini; aliyeigiza hakupata chochote zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilikuwepo, lakini hakuna aliyehesabu diski kibandani. Ndiyo maana Kanumba, aliyejulikana kuliko wanasiasa wengi, alilazimika kutoa filamu mfululizo bila kupumzika.

Kifo

Alifariki nyumbani kwake Sinza akiwa na umri wa miaka 28, kutokana na mtikisiko wa ubongo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimhukumu mwigizaji mwenzake kifungo cha miaka 2 kwa kuua bila kukusudia.

Aliagwa katika viwanja vya Leaders Club na kuzikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili 2012. Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal na mke wa Rais, Salma Kikwete, walihudhuria. Umati ulikadiriwa kuzidi watu 30,000, na wengi walizimia kwa msongamano. Baadhi ya filamu zake, ikiwemo Love and Power, zilitoka madukani baada ya kufa kwake.